Kuangamiza na Kuteketeza: Istilahi za Uchakataji wa Taka za Viwandani Zenye Sumu za Kikaboni

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi taka za viwandani zilizochafuliwa kwa sumu za kikaboni zinavyochakatwa kwa njia za kikemia, na kupendekeza istilahi za Kiswahili zinazoifaa kazi hiyo. Mambo haya mawili hayatenganishiki. Mfasiri asiyejua kinachotendeka ndani ya mtambo hana njia ya kuchagua neno lililo sahihi. Na mtaalamu asiye na neno sahihi hana njia ya kumwonya kibarua, diwani wala mkulima.

Haja ya istilahi hizi imezidi tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kanuni, vibali na maonyo ambayo zamani yalibaki katika Kiingereza sasa yanapita mikononi mwa wafasiri.

Ili mjadala usielee hewani, tumeichagua Kalenga, mkoani Iringa, kuwa mahali pa kupimia maneno yetu. Wengi wanaijua Kalenga kwa ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyotekwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894, na kwa makumbusho yanayohifadhi fuvu lake lililorejeshwa mwaka 1954. Kwa shabaha yetu Kalenga ina sifa nyingine: hapo hupita Mto Ruaha Mdogo, unaoanzia katika nyanda za Mufindi, na watu wa mabonde ya Iringa hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotegemea unyevu wa ardhi. Maji ya mto na ya ardhi ndiyo maisha yao. Nyanda hizo hizo za Juu Kusini zina viwanda vya mazao ya misitu na mashamba: kiwanda cha pareto Mafinga, kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza kazi mwaka 1985, nguzo za umeme za Mufindi, na miwati ya Njombe. Hatudai kwamba mahali hapo pametendeka kosa lolote. Tunasema tu kwamba neno likiandikwa vibaya, watu wa mahali kama hapo ndio watakaolilipia.

Tuseme basi kwamba karani ametakiwa kubandika Kalenga tangazo kuhusu tope la kiwandani, naye, kwa kufuata kamusi neno kwa neno, akaandika hivi: "Taka hai zenye dawa zitatibiwa, na mabaki yatateketezwa." Hakuna hata neno moja hapo lisilojulikana. Hata hivyo, msomaji ataelewa kwamba kuna samadi iliyotiwa dawa, kwamba samadi hiyo itaponywa, na kwamba masalia yake yatachomwa moto. Mtu aliyeelewa hivyo hana sababu ya kuogopa kuchota debe moja akarutubishe kinyungu chake. Maneno manne ndiyo yaliyompoteza: "hai", "dawa", "kutibu" na "kuteketeza". Tutayachunguza moja baada ya jingine.

1. "HAI", "ASILIA" NA "KIKABONI"

Neno la Kiingereza "organic" lina maana mbili zilizoachana. Wakulima hulitumia kwa kilimo kisichotumia mbolea wala viuatilifu vya viwandani, na Kiswahili kimekwisha kuiita namna hiyo "kilimo hai". Wanakemia hulitumia kwa kampaundi zilizojengwa juu ya atomu za kaboni. Zamani maana hizi mbili zilikuwa moja, kwa kuwa wataalamu waliamini kwamba kampaundi hizo hutengenezwa na viumbe hai peke yao. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1828, Friedrich Wöhler wa Ujerumani alipoitengeneza urea katika maabara. Tangu hapo kampaundi za kikaboni zilizotengenezwa na binadamu zimezidi kuongezeka, na nyingi kati yake hazijapata kuwamo katika kiumbe chochote.

Mfano wa wazi ni DDT. Molekuli yake ina atomu 14 za kaboni, 9 za haidrojeni na 5 za klorini. Kwa mkemia hiyo ni kampaundi ya kikaboni bila shaka yoyote. Lakini kuiita "hai" au "asilia" ni kumdanganya msomaji. Kwa upande wa pili tuna pareto, ua jeupe linalolimwa katika nyanda za Iringa na Mbeya. Sumu iliyomo katika ua hilo ni ya kikaboni na pia ni ya asili. Nayo ni sumu kweli, ndiyo maana huua mbu. Tofauti yake na DDT ni kwamba mwanga wa jua huivunja upesi, ilhali DDT hukaa ardhini miaka mingi. Basi uasili si kinyume cha sumu, wala ukaboni si dalili ya usalama.

Kwa hiyo tunapendekeza neno "-a kikaboni" litumike kila mahali panapohusu kemia, na "hai" libaki katika kilimo. Hapa Kiswahili kimepata bahati kuliko Kiingereza, maana neno letu linataja kitu chenyewe, yaani kaboni, wala halivuti mawazo ya uhai.

Neno hilo lina faida nyingine ya kiutendaji. Sumu ya kikaboni ni jengo la atomu. Jengo hilo likibomolewa kabisa, sumu imekwisha. Sumu ya elementi haibomoleki. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya itabaki zebaki hata ikichemshwa, ikizikwa au ikichanganywa na kitu gani. Nguzo za umeme nazo zinatupa mfano mzuri. Kati ya kemikali zinazotumika duniani kuzikinga na mchwa na kuoza, mbili ni mashuhuri: kriosoti, yaani mafuta meusi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, na mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Ya kwanza ni ya kikaboni na huweza kuvunjwa. Ya pili ina elementi ambazo haziwezi kuangamizwa, bali kufungwa tu mahali pasipovuja. Afisa anayesoma neno "kikaboni" katika hati anapaswa kujua papo hapo kwamba kuvunja sumu kunawezekana.

2. "DAWA", "SUMU" NA "KIUATILIFU"

Mkulima akienda dukani huomba "dawa ya nyanya" au "dawa ya wadudu". Hatuwezi kulifuta neno hilo midomoni mwa watu, wala si kazi yetu. Lakini katika maandishi rasmi neno "dawa" lina hatari, maana Mswahili hufundishwa tangu utotoni kwamba dawa huponya, na kwamba dawa chungu humezwa. Neno "kiuatilifu", lenye maana ya kitu kiuacho waharibifu wa mazao, limekwisha kupata kibali. Limo hata katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Lishikwe hilo.

Hata hivyo, kiuatilifu ni jina la kitu kikiwa katika matumizi yake. Kikimwagika, kikipitwa na muda, au kikibaki katika maji ya kuoshea mapipa, hakina tena kazi ya kuua waharibifu. Hapo huitwa "kichafuzi", na kama kinadhuru mwili huitwa "sumu" bila haya. Afisa asione kwamba neno "sumu" ni la kutisha mno kwa waraka wa serikali.

Kuna jamii moja ya vichafuzi inayohitaji jina la pekee. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, ulianza na kemikali 12 za kikaboni zisizoharibika upesi, zinazosafiri mbali na kujikusanya katika mafuta ya miili ya viumbe. Baadhi ya wafasiri huziita "vichafuzi sugu". Neno "sugu" linavutia kwa ufupi wake, lakini tayari twasema "wadudu sugu" kwa maana ya wadudu wasiouawa tena na kiuatilifu. Kuweka "DDT sugu" na "mbu sugu dhidi ya DDT" katika ukurasa mmoja ni kumchanganya mwanafunzi. Tunapendekeza "vichafuzi vya kikaboni vinavyodumu". Ni refu, lakini linasema lililokusudiwa.

3. "KUTIBU", "KUSAFISHA" NA "KUCHAKATA"

Msemo "kutibu maji" umeenea, nao hauna ubaya mkubwa. Maji hutiwa klorini, vijidudu hufa, maji hubaki na hunyweka. Kinachotibiwa ni kitu tunachokitaka. Taka ni kinyume: hatutaki taka ipone. Tukisema "taka zimetibiwa" hatusemi sumu imekwenda wapi. Nalo ndilo swali kuu la shughuli nzima.

Hivyo tunapendekeza mgawanyo huu. "Kuchakata taka" liwe neno la jumla kwa kazi yote inayofanywa juu ya taka ili kupunguza madhara yake. "Kusafisha" litumike kwa kitu kinachobaki na kurudi katika matumizi, kama vile maji, udongo au mafuta. "Kuvunja" litumike kwa molekuli ya sumu inapobomolewa, na "kuangamiza" inapobomolewa yote. Sentensi iliyo kamili itataja vyote: maji yamesafishwa, sumu imevunjwa, mabaki yamepimwa.

4. NJIA ZA KIKEMIA NA MAJINA YAKE

(a) Uoksidishaji. Huku ni kuishambulia molekuli ya sumu kwa kemikali yenye nguvu ya kuoksidisha hadi kaboni yake iwe kaboni dayoksidi na haidrojeni yake iwe maji. Njia mojawapo mashuhuri ina jina la mkemia Mwingereza H. J. H. Fenton, aliyeieleza mwaka 1894, mwaka ule ule ngome ya Kalenga ilipoanguka. Chumvi ya chuma huchanganywa na haidrojeni peroksidi katika maji yenye asidi kiasi. Hapo huzaliwa radikali za haidroksili, vipande vyenye uchu mkubwa wa kunyakua elektroni, ambavyo hukatakata molekuli za kikaboni zilizo jirani. Njia hii hufaa zaidi kwa sumu zilizoyeyuka majini, kama fenoli. Kazi ikiisha, maji hutiwa chokaa ili asidi iishe, na chuma hutuama chini kuwa tope. Tope hilo nalo ni taka, na lazima lipimwe. Kadhalika peroksidi ikiwa haba, molekuli hukatwa nusunusu, na vipande vyake huenda vikawa na sumu pia. Ndiyo maana twatofautisha "kuvunja" na "kuangamiza".

(b) Uondoaji klorini. Sumu nyingi zinazodumu hudumu kwa sababu ya klorini zilizofungwa kwenye kaboni. Zikiondolewa klorini hizo, kinachobaki huwa chepesi kuvunjika. Katika njia moja, taka huchemshwa zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi pamoja na kostiki soda, ile ile waijuayo watengeneza sabuni, pamoja na mafuta yanayotoa haidrojeni na kichocheo cha kuharakisha kazi. Klorini huungana na sodiamu kuwa chumvi ya kawaida. Katika njia nyingine sodiamu yenyewe hutumika kusafisha mafuta ya transfoma yaliyochafuliwa kwa bifenili zenye klorini nyingi, na mafuta yaliyosafishwa huweza kutumika tena. Mkataba wa Stockholm uliwataka wanachama kufanya juhudi za kuondoa vifaa vyenye bifenili hizo katika matumizi kufikia mwaka 2025, na kusimamia vyema taka zake kufikia mwaka 2028. Katika Afrika Mashariki imeripotiwa mara kwa mara kwamba mafuta ya transfoma huibwa na kuuzwa, hata kwa kukaangia vyakula. Si kila transfoma ina bifenili hizo, lakini mnunuzi wa chipsi hawezi kujua.

(c) Haidrolisisi. Neno hili limekwisha kuzoeleka shuleni, na maana yake ni kuvunja kampaundi kwa maji, aghalabu kwa msaada wa asidi au alkali. Viuatilifu vingi vya jamii ya fosfeti za kikaboni, kama malathioni, huvunjika vizuri katika alkali. DDT haimo katika kundi hilo. Ikitiwa alkali hupoteza klorini moja na haidrojeni moja, ikawa DDE, nayo hudumu karibu sawa na mama yake. Mwalimu anayesema "DDT imekwisha" katika jaribio hilo anafundisha kosa. DDT imegeuka, haikuangamia.

(d) Unasaji. Maji machafu hupitishwa katika mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa wenye vitundu vidogo mno visivyohesabika, na sumu hunasa juu ya kuta za vitundu hivyo. Tunapendekeza "unasaji" ili kutofautisha na "ufyonzaji", ambao ni kitu kuingia ndani ya kingine kama maji yaingiavyo katika sponji. Muhimu zaidi ni kwamba unasaji hauvunji chochote. Sumu imetoka majini ikahamia mkaani. Mkaa ule ukiuzwa sokoni au ukiwashwa jikoni, kazi yote imekuwa bure, na zaidi ya bure.

5. "KUTEKETEZA"

Tumefika kwenye neno lenye hatari kuliko yote. Kuteketeza ni kuunguza kabisa, na pia ni kuangamiza. Katika matumizi ya kila siku maana hizi mbili huenda pamoja: bidhaa mbovu "zimeteketezwa" maana yake zimechomwa, na zimekwisha. Kwa karatasi na vitambaa hakuna tatizo. Kwa sumu zenye klorini, hapo ndipo maana mbili zinapopigana. Kampaundi hizo zikichomwa katika shimo au pipa, ambamo moto si mkali wa kutosha, baadhi ya mabaki yake huungana upya na kuzaa dayoksini, ambazo zimo katika orodha ile ile ya Stockholm. Anayechoma hivyo huenda ametoa sumu moja akaleta nyingine mbaya zaidi, na moshi hauchagui shamba la kushukia.

Kuna tanuri maalumu zinazoangamiza sumu kwa moto. Sheria za Ulaya, kwa mfano, zimetaka gesi za taka zenye zaidi ya asilimia 1 ya kampaundi za kikaboni zenye halojeni zifikie nyuzi 1,100 kwa muda usiopungua sekunde 2, na moshi wake usafishwe. Shimo la nyuma ya ghala haliwezi kufanya hivyo.

Mkataba wa Stockholm unataka taka hizo zishughulikiwe ili kichafuzi kiangamizwe au kigeuzwe kusiko na marejeo. Mfasiri akiweka "kiteketezwe" mahali pa "kiangamizwe", amegeuza takwa la kisheria kuwa amri ya kuwasha kiberiti. Tunapendekeza kwa msisitizo: "kuangamiza" liwe istilahi ya lengo, kwa njia yoyote ile; "kuchoma" liwe kwa moto wa kawaida; na "kuteketeza" litumike tu likifuatwa na maneno "katika tanuri maalumu".

Nchi yetu ina funzo lake la Vikuge, wilayani Kibaha, mkoa wa Pwani. Shehena ya viuatilifu iliyoletwa huko katika miaka ya 1980 ilihifadhiwa katika banda ambalo hatimaye liliporomoka. Mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa baadaye. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta udongo wa juu ukiwa na DDT na mazao yake kufikia asilimia 28, na jamii ya heksaklorosaikloheksani kufikia asilimia 6. Masalia yalionekana hadi kina cha sentimita 50, na pia katika maji ya kisima. Yaani udongo wenyewe ulikuwa umegeuka taka yenye sumu. Katika lugha ya ofisi, mahali hapo "palikuwa pamesafishwa". Ukweli ni kwamba kilichofanyika kilikuwa "kuondoa", neno la tatu ambalo halipaswi kuchanganywa na "kusafisha" wala "kuangamiza".

6. TANGAZO LILILOSAHIHISHWA

Turudi kwa karani wetu. Akizifuata istilahi tulizozieleza, tangazo lake litasomeka hivi: "Tope hili la kiwandani lina sumu za kikaboni zisizooza upesi. Litachakatwa kwa kemikali ili sumu hizo zivunjwe. Mabaki yatapimwa, na yakikutwa na sumu yataangamizwa katika mtambo maalumu. Ni marufuku kulichukua, kulichoma, kulifukia au kulitia shambani."

Tangazo hili ni refu kuliko la kwanza. Tunaona urefu huo una haki yake. Kila sentensi inajibu swali ambalo mkulima wa Kalenga angeuliza: ni nini, litafanywa nini, tutajuaje kwamba limekwisha, nami nisifanye nini.

7. ORODHA YA ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

-a kikaboni: -enye kuhusu kampaundi zilizojengwa juu ya atomu za kaboni.
Kichafuzi: kitu kinachoharibu usafi wa maji, hewa au udongo.
Kichafuzi cha kikaboni kinachodumu: kichafuzi cha kikaboni kisichovunjika upesi katika mazingira.
Kuangamiza: kuvunja sumu yote hata isiweze kurejea.
Kuchakata taka: kazi yoyote ifanywayo juu ya taka ili kupunguza madhara yake.
Kugeuza: kubadili kampaundi kuwa nyingine, iwe na sumu au isiwe nayo.
Kuondoa: kuhamisha taka kutoka mahali bila kuivunja.
Kusafisha: kutoa kichafuzi katika kitu kitakachotumika tena.
Kuvunja: kubomoa molekuli ya sumu, yote au sehemu.
Kuzimua: kupunguza ukali wa sumu kwa kuongeza maji, si uchakataji.
Unasaji: kushikamana kwa kichafuzi juu ya uso wa kitu kingine.
Uondoaji klorini: kutenganisha atomu za klorini na kaboni ya kichafuzi.
Uoksidishaji: kuvunja kichafuzi kwa kemikali yenye kunyakua elektroni zake.

HITIMISHO

Msomaji atatambua kwamba katika orodha hii maneno mageni ni machache. Karibu yote ni vitenzi vya nyumbani: kuvunja, kugeuza, kuondoa, kunasa. Upungufu tulio nao si wa msamiati, bali wa kukubaliana kwamba kila kitenzi kibaki na kazi yake. Tunawaomba walimu wa kemia, maafisa wa mazingira na wafasiri wazijaribu istilahi hizi katika barua, vibali na madarasa yao, na watuletee maoni, hasa kutoka mahali ambapo matangazo hubandikwa na kusomwa na wale wanywao maji ya mto.